Lori la Mzee Bakari na Kiapo cha Ijumaa

Niliondoka nyumbani Nguvumali, mjini Tanga, Jumatano asubuhi kwa sababu mwanamke mmoja wa Ushongo, ambaye sikuwa nimepata kumwona, alikuwa amebakiza siku mbili aachike kwa ajili ya lori. Najua inavyosikika. Hata mimi nilipoletewa habari hizo nilimwomba mletaji azirudie, na alipozirudia zilikuwa mbaya zaidi.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwishoni mwa miaka ya hamsini, na kipupwe kilikuwa kimeshika. Mletaji habari alikuwa kondakta wa basi la Pangani. Alinieleza kwamba Mzee Bakari, mnunuzi wa mbata wa Ushongo, ana lori kuukuu la Kimarekani ambalo halina klachi. Dereva huwasha, husogeza mkono mdogo ulio chini ya usukani, hukanyaga mafuta, na lori hujibadilishia gea lenyewe mpaka mwisho wa safari. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge ndiye aliyelileta, na alipoondoka nchini Mzee Bakari akalinunua. Kwa muda wa mwezi mzima sasa lilikuwa likifanya kituko. Asubuhi ukiliwasha linawaka, linanguruma vizuri, halina neno. Ukilitia gea tu, linazimika.

Wenzake wa barazani walimcheka Mzee Bakari siku ya kwanza, wakamcheka ya pili, na wiki ya tatu mmoja wao akasema punda wake huenda Bweni na kurudi kabla lori la Bakari halijaamka. Hapo mzee akapandwa na hasira, akasimama mbele ya watu wote, akaapa. Ijumaa watu wa harusi ya mwanawe walikuwa waende Tongoni kuoa. Basi alisema lori hilo litatoka uani mwake Ijumaa asubuhi, lenyewe kwa gea yake, na watu wa harusi wakiwa juu, kabla jua halijapita paa la msikiti. Lisipotoka, mkewe Mwanaidi ameachika.

Kwa nini nilitafutwa mimi? Kwa sababu wakati wa vita nilikuwa karakana ya jeshi, na Tanga nzima nilikuwa mtu pekee niliyepata kufungua giaboksi ya aina hiyo na kuifunga bila chombo kubaki nje. Kusema kweli kilibaki kimoja, lakini gari lilitembea.

Mke wangu, Elizabeti, alinifungia mkate na mayai ya kuchemsha. Tangu tulipochumbiana kwetu milimani huko Lushoto hajawahi kuniita kwa jina. Wakati ule aliniita Fundi, hata baada ya mwanetu Samweli kuzaliwa, nami nilipenda.

"Fundi," akaniuliza, "kama ni gari la namna hiyo, una hakika utaliweza?"

Nilikuwa nafunga mkoba wa spana, na swali hilo lilinikera kidogo. Nikamwambia, "Nikirudi hapa sijaujua ugonjwa wa lori hilo kwa akili yangu mwenyewe, usiniite fundi tena."

Aliweka chumvi kwenye kikaratasi, akakikunja.

Saa tatu asubuhi tulifika Tongoni, na basi likasimama kupakia magunia. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kazi nzuri alizunguka dirisha kwa dirisha akiuliza fundi wa lori ni yupi. Alikuwa baba wa bibi harusi. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Mwanangu, nakuomba jambo moja. Mie natoa binti Ijumaa. Nimekubali kumpeleka nyumba ile kwa sababu ya Bi Mwanaidi. Yule mwanamke namjua, ataishi na mwanangu vizuri. Sasa naambiwa huenda mama mkwe akawa hayupo." Alishika chuma cha dirisha. "Kama Bi Mwanaidi hayupo, binti yangu haendi. Hawezi kupokelewa na lori."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari ni chuma tu. Alinitazama kama anayetaka kuniamini na hawezi. Basi likaondoka, nami nikaanza kuona kwamba mkoba wangu wa spana ni mdogo.

Pangani tuliingia mchana. Nilikula wali na samaki kwa mama mmoja karibu na forodha, nikavuka mto kwa pantoni hadi Bweni. Kutoka hapo hadi Ushongo ni mwendo mrefu wa mchanga na minazi, na nilikuwa nikijiuliza nitakwenda kwa baiskeli au kwa miguu, nilipoona lori kubwa la kijani limeegeshwa kando ya gati. Dereva wake, mtu wa makamo aliyefuga masharubu na kuyachana, akateremka akanipa mkono. Jina lake Saidi.

"Nimetumwa nikuchukue, fundi. Panda."

Nikapanda. Akasogeza mkono chini ya usukani, lori likaondoka taratibu kama maji. Tulikwenda kitambo nikiwa nasikiliza injini na kuitikia maswali yake kuhusu Tanga, kisha wazo likanijia.

"Saidi, hili ni lori la nani?"

"La Mzee Bakari."

"Ana malori mangapi?"

"Moja."

"Basi lile bovu liko wapi?"

"Umelikalia," akasema.

Nilimwamuru asimame. Akasimama. Nikamwambia alitoe kwenye gea, alitie tena. Akafanya, lori likatii. Nikaingia mwenyewe kwenye usukani, nikalitia gea ya mbele, ya nyuma, ya mbele, mara kumi, katikati ya barabara, mpaka mama mmoja aliyepita na kuni kichwani akatuuliza kama tunagombana. Halikuzimika hata mara moja. Nilijisikia kama daktari aliyeitwa usiku kwa mgonjwa, akamkuta anacheza ngoma. Jambo lingine pekee nililoliona ni kwamba ndani ya kebini mlinukia nazi, lakini gari la mnunuzi wa mbata linukie nini?

"Mchana halina tatizo," Saidi akasema. "Ni la asubuhi."

Alasiri tulifika Ushongo. Mzee Bakari alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti kubwa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Aliitikia shikamoo yangu, akanishika mkono, hakuuachia.

"Mwanangu, mie niliapa kwa hasira," akaniambia pale pale uani, mbele ya watu. "Miaka ishirini na sita na Mwanaidi. Sijui nilisemaje. Ulimi ulitoka."

Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwa ameketi kibarazani akikuna nazi. Alikuwa mnene, mtulivu, na alikuna bila kuinua kichwa.

"Ulitoka wake," akasema. "Ila aliyewekwa rehani ni mie."

Jioni ile baraza lilikaa kutafuta njia, na sijawahi kuhudhuria mkutano kama ule. Mwenye kuamua alikuwa Maalim Athumani, mwalimu wa msikiti, mtu mpole sana ambaye hakuna jambo lililoweza kumfanya aseme haraka. Mmoja akapendekeza lori lisukumwe. Maalim akafikiri, akasema kiapo kilitaja gea. Mwingine akasema wang'oe ua wote alfajiri, ili lori lijikute liko nje bila kutembea. Maalim akafikiri tena.

"Aliapa lori litatoka uani," akasema. "Hakuapa ua utatoka kwenye lori."

Kisha yule mwenye punda, ambaye sasa alikuwa amejutia dhihaka yake na alikuwa na huruma kuliko wote, akauliza kama haiwezekani kuongeza makuti juu ya paa la msikiti, kiasi cha mikono miwili mitatu, ili jua lichelewe kulipita. Watu walilipenda wazo hilo. Walianza hata kuhesabu makuti. Maalim akawaachia mpaka wamalize, akasema paa lililokusudiwa ni lile lililokuwepo siku ya kiapo. Kisha akaongeza, kwa upole wake, kwamba hata hivyo lingehitaji kuezekwa upya, na wakitaka wafanye baada ya harusi.

Nililala na hasira. Mimi ni mtu wa spana. Nilikuwa nimekuja kutafuta ugonjwa wa gari, na kijiji kizima kilikuwa kinatafuta namna ya kuuzunguka.

Alhamisi alfajiri, saa kumi na mbili kasoro, nilikuwa mbele ya lori. Lililala ndani ya banda la makuti ambalo Mzee Bakari alilijengea kwa mapenzi, lenye kivuli kutwa na upepo wa bahari. Asubuhi ya kipupwe ina ubaridi wake, nami nilivaa sweta. Nikawasha. Injini ikashika mara moja, ikatulia, ikanguruma safi. Nikasogeza mkono wa gea kwenye alama ya kwenda. Lori likatetemeka mwili mzima, likakohoa, likazimika.

Nikakiri moyoni kwamba nimefurahi. Mgonjwa alikuwa mgonjwa kweli.

Nikaanza kazi kwa utaratibu niliofundishwa. Nilidhani injini inazunguka polepole mno, ikapata mzigo ikashindwa. Nikageuza skrubu ya kabureta, nikaiongeza mwendo mpaka kuku wakakimbia. Nikatia gea. Ikazimika. Nikafungua plagi zote, nikazisafisha, nikazirudisha. Ikazimika. Nikatazama mipira yote ya hewa kama kuna uliopasuka. Hakuna. Nikadhani breki zimeshika magurudumu, nikapiga jeki nyuma, nikayazungusha kwa mkono, yakazunguka bila ubishi. Kila nilipotia gea, watu waliokuwa wamekaa juu ya ua kunitazama walisema kwa pamoja, "Limezimika," kana kwamba mimi ni kipofu.

Saa tano nilifikia giaboksi. Kijiti cha kupimia mafuta yake kilikuwa chini ya mkeka wa miguuni. Nikakichomoa, nikakifuta, nikakichovya. Mafuta yalifika alama ya juu, maangavu, masafi. Nilijua mafuta ya giaboksi hizo huwa mekundu, lakini nikajiambia rangi huisha kwa uzee. Nikanusa. Nazi. Nikainua kichwa, nikaona Bi Mwanaidi na wanawake wenzake wanachuja tui kwa ajili ya harusi hatua kumi kutoka nilipo, nikakirudisha kijiti mahali pake.

Nikawasha tena, nikatia gea bila matumaini. Lori likaondoka.

Nikalizungusha uani. Nikatoka nalo mpaka msikitini, nikarudi kinyumenyume. Watu wakashangilia. Mzee Bakari akanikumbatia, na mimi, Mungu anisamehe, nikatangaza kwamba tatizo lilikuwa plagi. Nilieleza kwa kirefu. Nilitumia maneno ya jeshini. Wakaniletea sinia la pilau na nikalila kama mtu aliyelistahili.

Saa nane mchana nilikuwa kibarazani nikinywa kahawa, Bi Mwanaidi akaja kuchukua kikombe.

"Pole na kazi, fundi."

"Nimekwishapoa, mama. Kazi imekwisha."

"Imekwisha?" Akaketi kwenye kigoda. "Nikuulize, maana mie si mtu wa magari. Leo limeondoka saa ngapi?"

"Saa tano."

"Na jana saa tano liliondoka, kabla hujaja. Na juzi. Saa tano hata mie mgongo huwa umenyooka." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Mwanangu, usiogope kuniambia kama hujajua. Niambie tu, ili nijue nifungashe vyombo vyangu au nivae nguo za harusi. Viwili kwa pamoja siviwezi."

Alikuwa na haki. Lori halikuwa limepona, ila asubuhi ilikuwa imepita.

"Sijajua," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa, akachukua kikombe. "Ahsante," akasema, na nadhani ndiyo ahsante ya kweli pekee niliyoipata siku ile.

Alasiri yote nililala chini ya lori nikitafuta kitu kinachojali saa. Umande? Nilikausha kila waya kwa kanga iliyochakaa. Nilimuuliza Saidi kama lori hili lilipata kufunguliwa giaboksi. Akasema hapana, halikufunguliwa. Alisema kweli, kama nilivyokuja kujua, maana sikumuuliza kama liliongezwa kitu.

Ijumaa alfajiri watu walipotoka msikitini, ua ulikuwa umejaa. Watu wa harusi walikuja na vyungu, mikeka na matari. Wanawake walikuwa wamewasha pasi za mkaa tangu kabla ya adhana, sita kwa hesabu yangu, wakipiga pasi kanzu za wanaume kwenye mikeka iliyopangwa kibarazani. Maalim Athumani alisimama langoni akitazama upande wa bahari, ambako paa la msikiti lilikuwa bado jeusi na mbingu nyuma yake imeanza kuwa ya kijivu. Nikawasha lori, nikatia gea. Likazimika. Safari hii wale wa juu ya ua waligeuka wote kutazama paa la msikiti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele zao za jana.

Mzee Bakari alikuwa ameegemea nguzo ya banda. Nilimwona akilia waziwazi, bila kuficha uso, nami nikaona aibu ya kuwa na mikono.

Bi Mwanaidi alikuwa kibarazani akimsuka dada yake mkuu nywele. Alikuwa amevaa nguo za harusi. Alichukua chupa ya mafuta ya nywele, akaigeuza kiganjani, hakikutoka kitu. Akaigonga kwa chini. Hakikutoka kitu. Akanyoosha mkono bila kutazama, akaiegemeza chupa ubavuni mwa pasi iliyokuwa karibu naye, akaendelea kusuka.

Niliona jambo hilo, na kwanza sikulitia maanani. Kisha nikamsogelea.

"Mama, hiyo chupa ina nini?"

"Mafuta ya nazi. Kwani kwenu hayapo?"

"Mbona hayatoki?"

"Kipupwe hiki? Huganda kila asubuhi. Mpaka jua lipande, au uyatie moto." Akaigeuza chupa, na sasa mafuta yakamtiririkia kiganjani, maangavu, masafi. Nilikuwa nimeyaona mahali.

Nilikimbilia lori, nikaung'oa mkeka wa miguuni, nikachomoa kijiti. Kilitoka kimevaa kitu cheupe kizito, kama mshumaa.

"Saidi," nikaita.

Saidi akaja akiwa ameshika masharubu yake.

"Ndani ya giaboksi mna nini?"

"Mafuta."

"Ya nini?"

Akasita. "Yale ya mwanzo yalimwagika njiani, msimu wa joto, nati ya chini ilipolegea. Yale mekundu Pangani hayapatikani. Nikaikaza nati, nikatia debe moja la Bi Mwanaidi." Kisha akajitetea kwa heshima yote. "Lakini si ya kupikia, fundi. Ni ya nywele. Yamechujwa mara mbili."

Nikageuka kibarazani. Bi Mwanaidi alikuwa ameacha kusuka.

"Aliniomba debe la mafuta kwa ajili ya lori, nikampa," akasema. "Nilidhani malori yasiyo na klachi hupakwa hayo. Na jana nilikuona unayanusa, nikajua unajua. Si wewe ndiye fundi?"

Mbingu nyuma ya msikiti ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya machungwa. Mafuta mengine hakuna karibu zaidi ya Tanga. Basi nikatenda jambo ambalo kila karakana niliyofanyia kazi ingenifukuza kwa ajili yake. Niliagiza pasi zote sita.

Hapo ukazuka mgogoro. Kanzu zilikuwa bado. Nyingine zilikuwa zimepigwa pasi mbele tu. Mjomba wa bwana harusi alisema haendi Tongoni mgongo wake umekunjamana, watu watasema Ushongo hakuna mkaa. Bi Mwanaidi akasimama. Hakupaza sauti.

"Nipeni pasi," akasema. "Hino ndoa yangu ni ya zamani kuliko kanzu yako."

Nililala chali chini ya lori, nikahakikisha hakuna tone la petroli, nikapanga matofali, na juu yake zile pasi zikiwa zimefungwa vifuniko ili cheche isiruke. Wanawake walizipepea kwa mapepeo ya ukindu, wamepiga magoti kwenye mchanga na nguo zao za harusi, na mmoja akaanza kupiga tari taratibu ili wapepee kwa mwendo mmoja. Wanaume wakapanda nyuma ya lori na matari na mikeka yao, maana kiapo kilisema wawe juu. Mzee Bakari alitaka kusaidia kupepea, wakamfukuza. Kutoka tumboni mwa lori ikaanza kutoka harufu tamu, na paka wa kijiji wakaja wakakaa wamezunguka wakingoja.

"Maalim, jua?" mtu mmoja akauliza.

"Bado," Maalim akasema. Baada ya muda akasema, "Linakaribia."

Nilitoa pasi moja moja, nikaingia kwenye usukani. Nikawasha. Nikatia gea. Lori likatetemeka, likapiga hatua moja, likazimika.

Nikalitazama paa la msikiti, nikaona ncha za makuti zimeanza kung'aa moja moja. Mimi ni Mlutheri, na kila mtu uani pale alikuwa anaomba kwa namna yake, basi nami nikaomba kwa yangu, kwa ufupi, kwa sababu muda haukuwepo. Nikawasha tena. Nikaiacha injini izunguke mpaka nihesabu ishirini. Nikasogeza mkono wa gea polepole sana. Lori likatikisika, likalalama, likawaza. Kisha likaondoka. Lilikwenda kwa mwendo wa kobe, likitetemeka kama mwenye homa, lakini lilikwenda kwa gea yake, na watu wa harusi walikuwa juu. Magurudumu ya nyuma yalipita langoni, na sekunde chache baadaye jua likaruka juu ya paa, likanipiga machoni.

Nilisimama nje bila kuzima injini. Watu wote wakamtazama Maalim Athumani. Alifikiri. Nakuapieni alifikiri mpaka nikatamani kumpiga spana.

"Limetoka," akasema.

Mzee Bakari akaja mbio, akafungua mlango wa kebini upande wa pili, akampungia mkewe. Alikuwa bado analia. "Mwanaidi, njoo ukae mbele. Nisamehe, mke wangu. Njoo."

Bi Mwanaidi alikuja bila haraka. Akapanda, akajipanga vizuri kwenye kiti, na mumewe alipotaka kupanda amfuate, akaufunga mlango.

"Nimekusamehe," akamwambia kupitia dirisha. "Wewe kaa nyuma. Na siku nyingine ukitaka kuapa, liweke lori ndilo liachike, mie uniambie nitembee."

Saa mbili tulikuwa Bweni. Pantoni hairuhusu gari kuvuka injini ikiwaka, na ilibidi nizime, lakini giaboksi ilikuwa imekwishapata moto wake na ng'ambo tukaondoka bila shida. Hadi Tongoni Mzee Bakari alisafiri nyuma, amesimama, kanzu yake imenyooka kifuani na imekunjamana mgongoni kama za wenzake wote. Hakuna aliyethubutu kumpisha kiti, wala yeye hakuomba. Tulipofika, baba wa bibi harusi aliangalia kwanza dirisha la mbele. Alipomwona aliyeketi pale alifungua milango yote miwili ya nyumba yake.

Alasiri, baada ya ndoa na chakula, Saidi alinileta Tanga na lori lenyewe. Tulifungua nati ya chini karakanani, tukamwaga debe zima la mafuta ya nywele, tukatia mafuta mekundu. Mafundi wenzangu walikuja kutazama na kunusa. Sikuwaeleza kitu. Saidi aliyakinga yale ya nazi kwenye debe akasema Bi Mwanaidi atamuuliza.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nyumbani Nguvumali. Elizabeti alinipokea mkoba, nikaketi, nikamsimulia yote, kuanzia Tongoni hadi pasi za mkaa. Alicheka pale pa kucheka, ila si pa Bi Mwanaidi. Nilipomaliza nikasema nimejifunza jambo kubwa safari hii: kabla ya kufungua mashine ya watu, waulize wenye nyumba wanaishije. Nilisema kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba.

"Lakini mafuta ya nazi," Elizabeti akasema, "kwetu Lushoto si tulikuwa tunayachota kwa kijiko? Hata mama yako aliyahifadhi kwenye kopo, tukayakwangua asubuhi."

Ni kweli. Nilikulia kwenye ubaridi ambamo mafuta ya nazi hayajawahi kumiminika. Nilikuwa najua tangu nina miaka mitatu.

"Kwa hiyo aliyeujua ugonjwa ni nani?" akaniuliza.

"Ni yule mama," nikasema. "Kwa chupa yake."

Aliitika, akainuka, akaingia jikoni. Nilisikia sufuria zikifunguliwa na kufungwa. Kisha akaniita, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kila siku.

"Baba Samweli," akasema, "njoo ule, chakula kinapoa."

Na ndivyo anavyoniita mpaka leo.